Soda ya bure barabarani: Nani anailipia?

WAFANYABIASHARA wengi wa vinywaji wanaamini kuwa ili bidhaa mpya ijulikane ni lazima kupakia kreti kwenye gari, kufunga spika juu, kwenda stendi au mnadani na kugawa bure. Watu watakunywa, watasifia, na kesho yake watakwenda dukani kununua.

Kunywa watakunywa kweli, maana cha bure hakikataliwi. Hilo la kwenda dukani kesho ndilo lenye hesabu ndefu, na wapo wajasiriamali waliomaliza mtaji wakiisubiri hiyo kesho.

Nchini Marekani, kugawa vinywaji vya bure safarini ni kazi yenye msimu wake. Majira ya joto ya huko ni Juni hadi Agosti. Shule hufungwa, familia huwa barabarani, michezo na matamasha hufanyika nje, na koo huwa zimekauka. Kampuni hupaka magari rangi, huajiri wanafunzi walio likizo na kuwatuma mji hadi mji wakiwa na barafu na makopo.

Moja ya kampuni zilizojenga jina kwa njia hiyo ni Jones Soda. Ilianzishwa Vancouver, Kanada, na Peter van Stolk, ambaye awali alikuwa msambazaji tu wa vinywaji vya watu wengine. Mwaka 1996 alianza kuuza soda yenye jina lake mwenyewe la biashara, na mwaka 2000 akahamishia makao Seattle, Marekani.

Van Stolk hakuwa na fedha za kupambana na Coca-Cola na Pepsi kwenye rafu za maduka makubwa. Akaamua kupeleka majokofu yake mahali ambapo hapakuwa na soda kabisa: maduka ya mbao za magurudumu wanazochezea vijana, maduka ya vifaa vya michezo ya baharini na ya kwenye theluji, hata vibanda vya kuchora miili. Mwenye duka wa aina hiyo hakuwa na mkataba na kampuni yoyote ya soda, hivyo hakuwa na sababu ya kukataa.

Baada ya majokofu kukaa ndipo magari yalipofuata. Kampuni ilikuwa na magari makubwa ya safari, yale ambayo mtu anaweza kulala na kupika ndani, yaliyochorwa miali ya moto. Yalizunguka mijini, yakasimama kwenye viwanja vya michezo ya vijana na kuwatembelea wauza maduka. Kijana aliyeonja soda ya bure garini hakuwa mbali na jokofu la kununulia nyingine.

Mpangilio huo, jokofu kwanza na gari baadaye, ndio unaofaa kuangaliwa kwa makini na mtu yeyote mwenye kiwanda kidogo cha juisi.

Kampuni iliongeza na vituko. Chupa zake zilibandikwa picha zilizotumwa na wateja wenyewe. Mwaka 2003 ilitoa soda yenye ladha ya bata mzinga na mchuzi, kwa ajili ya sikukuu ya shukrani ya Wamarekani. Ni vigumu kuamini kuwa kuna aliyeinywa hiyo kwa sababu ya kiu, lakini ilizungumzwa nchi nzima bila kampuni kulipia tangazo.

Kufikia mwaka 2006 mauzo yalikuwa yamefika kiasi cha dola milioni 39. Hapo tamaa ikaingia, au pengine ni ushauri wa wenye hisa. Mwaka 2007 soda hiyo ikaanza kuuzwa kwenye makopo katika maduka makubwa, palepale ambapo Coca-Cola na Pepsi walikuwa wamejaza rafu. Wanunuzi wa huko walikuwa watu wengine, hawakuwahi kuliona gari lenye miali ya moto, na makopo hayakutoka kama ilivyotarajiwa. Hisa iliyokuwa imepita dola 25 katika nusu ya kwanza ya mwaka 2007 ilishuka chini ya dola moja kabla ya mwaka 2008 kwisha. Van Stolk alikuwa ameshaachia uongozi mwishoni mwa mwaka 2007.

Soda ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtu aliyeonja na mahali pa kununulia.

Kuponi ya Candler

Jambo hilo si geni. Zaidi ya miaka 100 kabla, mtu mmoja wa Atlanta alilitatua bila gari wala spika.

Coca-Cola ilianza kuuzwa Mei 1886 katika duka la dawa mjini humo. Aliyeitengeneza ni John Pemberton, mfamasia, na ilipimwa kwa glasi, senti tano kila moja. Mwaka wa kwanza iliuzwa kwa wastani wa glasi tisa tu kwa siku. Muuza juisi ya miwa wa Kariakoo angeona hiyo ni biashara ya kufunga.

Pemberton alifariki mwaka 1888. Biashara ikaangukia mikononi mwa Asa Candler, mfanyabiashara wa dawa, ambaye kufikia mwaka 1891 alikuwa ameimiliki yote kwa jumla ya dola 2,300. Pamoja naye alikuwepo Frank Robinson, mtunza hesabu, ndiye aliyeipa soda hiyo jina na kuliandika kwa mwandiko ule wa mkunjo unaoonekana hadi leo.

Wakati huo soda haikuwa kwenye chupa. Kiwanda kiliuza shira, na muuza duka aliichanganya na maji ya gesi kwenye kaunta mbele ya mteja. Kumpa mtu soda ya bure barabarani isingekuwa rahisi hata kama Candler angetaka.

Alichofanya ni kugawa karatasi. Kuponi zilitolewa mkononi na mawakala, zikatumwa kwa posta na kuwekwa kwenye magazeti. Mwenye kuponi alikwenda nayo kaunta na kupewa glasi moja bure. Muuza duka hakupata hasara, kwa sababu kampuni ilimpa shira ya kufidia glasi hizo.

Ukiichunguza hiyo biashara, utaona karatasi moja ilikuwa inafanya kazi tatu. Ilimleta mteja hadi mahali penye soda, siyo kumkuta njiani. Ilimlazimu muuza duka awe na shira, maana watu watakuja na karatasi mkononi na yeye hatapenda kuonekana hana. Tena kampuni ililipia tu glasi ya mtu aliyejisumbua kutembea. Karatasi iliyotupwa jalalani haikula shira.

Inakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1894 na 1913, Mmarekani mmoja kati ya tisa alikuwa amepata Coca-Cola ya bure, jumla ya glasi milioni 8.5. Mwaka 1895 Candler aliwatangazia wenye hisa kuwa kinywaji hicho kinapatikana katika kila jimbo la Marekani. Bei ya senti tano ilidumu hadi miaka ya 1950, kwa hiyo fedha za kuponi hazikurudishwa kwa kupandisha bei. Zilirudi kwa wingi wa glasi.

Aliyechoka ndiye apewe

Red Bull walichukua njia nyingine. Dietrich Mateschitz, raia wa Austria aliyekuwa akishughulika na mauzo ya dawa ya meno, alikikuta kinywaji cha Krating Daeng nchini Thailand, ambako kilinywewa sana na madereva na vibarua. Aliungana na mwenye kinywaji hicho, Chaleo Yoovidhya, wakaanzisha kampuni mwaka 1984, na kopo la kwanza likauzwa Austria mwaka 1987. Watu waliojaribishwa kabla ya hapo hawakuipenda ladha yake hata kidogo.

Kwa hiyo kampuni haikutegemea ladha. Ilituma vijana, wengi wao wanafunzi, wakiwa na magari madogo yaliyobebeshwa kopo kubwa la bandia mgongoni, wawatafute watu wakiwa wamechoka: wanafunzi wanaokesha na vitabu, wafanyakazi wa zamu, wanamichezo. Walipewa kopo zima la baridi, siyo kionjo cha kifuniko. Mtu mwenye usingizi halaumu ladha, anaangalia kama macho yamefunguka. Mwaka 2023 kampuni hiyo iliuza zaidi ya makopo bilioni 12 duniani.

Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa au wa machungwa wa Muheza aliyeamua kusindika juisi hana fedha za makampuni hayo. Hata hivyo suala la wakati na mahali linamhusu vilevile. Jasho la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi linajulikana. Lakini wapo wanaopeleka juisi ya barafu kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mwezi Agosti, asubuhi watu wakiwa wamevaa makoti, kisha wanashangaa vionjo vinarudi. Siku hiyo mwenye chai ya tangawizi ndiye mwenye wateja.

Hesabu ya vikombe 300

Chukua mfano wa kukadiria. Mama mwenye kiwanda kidogo anatengeneza chupa ya mililita 300 kwa gharama ya Sh600 na kuiuza kwa wenye maduka Sh800. Faida yake ni Sh200. Anaamua kugawa vionjo vya mililita 50, kila chupa vikombe sita, kwa watu 300 kwenye stendi.

Atatumia chupa 50, ambazo ni Sh30,000. Vikombe vya kutupa 300 kwa Sh20 ni Sh6,000, barafu Sh4,000, usafiri Sh10,000 na kijana wa kugawa Sh10,000. Jumla Sh60,000. Kila kikombe cha "bure" kimemgharimu Sh200, yaani faida yote ya chupa moja.

Ili fedha hiyo irudi ni lazima ziuzwe chupa 300 za ziada. Ama kila aliyeonja anunue chupa moja, jambo ambalo halitatokea, ama mmoja katika kila watu kumi awe mteja wa kudumu na anunue chupa kumi. Hilo linawezekana kama juisi ni nzuri. Lakini huyo mtu wa kumi amepanda basi la Singida, na juisi iko maduka mawili tu ya Ubungo.

Sasa aweke kuponi. Anachapisha 300 kwa Sh20, ambayo ni Sh6,000, na kijana anazigawa kwenye mitaa inayolizunguka duka moja kwa Sh10,000. Tuseme watu 60 wanakuja dukani na kila mmoja anapewa chupa nzima. Mama anamrudishia mwenye duka chupa 60, na kumwongeza moja kwa kila kuponi tano kama asante, chupa 12. Chupa 72 kwa Sh600 ni Sh43,200. Jumla yote Sh59,200.

Fedha ni karibu ileile. Tofauti ni kwamba watu 60 wamekunywa chupa nzima, wanalijua duka, wanaishi jirani nalo, na mwenye duka ameshaiona bidhaa ikitoka. Wakija 20 tu, gharama inashuka hadi Sh30,400 yenyewe bila mtu kuipunguza.

Kuponi nayo ina matatizo yake. Juisi isiyojulikana haimvuti mtu kwa karatasi tupu, hivyo kikombe kidogo cha kuonja pamoja na kuponi ya punguzo huenda kikafaa zaidi. Na mwenye duka asiye mwaminifu anaweza kukusanya kuponi mwenyewe na kudai chupa. Ziwekwe namba na muhuri, ziwe na tarehe ya mwisho, na zihesabiwe kila Jumamosi.

Usalama nao usisahaulike. Juisi iliyokaa juani saa tatu kwenye ndoo huharibu tumbo, na jina likiharibika siku ya kwanza hakuna kuponi ya kulirudisha. Juisi ya kufungashwa inatakiwa kuwa na alama ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutolewa TFDA. Maofisa wa SIDO mikoani huwasaidia wasindikaji wadogo kujipanga kwa hilo.

Upo pia upande wa mwenye duka, ambao husahaulika. Kampuni kubwa inapoleta gari la muziki na soda za bure sokoni, wauza maduka wengi hununa wakiona siku hiyo wameharibiwa biashara. Mwenye akili humwendea wakala mapema na kuuliza mambo mawili: gari linakuja siku gani, na bei ya jumla ni ngapi kwa wanaonunua kabla. Waonjaji huanza kuulizia dukani jioni ileile, na wakiambiwa haipo hawarudi kuuliza tena. Kreti moja ikilala kwenye jokofu tangu usiku inatosha kuanzia. Ya pili ifuatwe mchana, gari likiwa bado linapiga muziki.