Kahawa na Vijana Wetu

Twaulizwa mara nyingi: je, kijana wa miaka 14 au 15 anywe kahawa? Huku Kilimanjaro swali hili lina uzito, maana kahawa, iliyopandwa katika misioni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyolipa karo za watoto wengi. Hatuthubutu kuiita sumu.

Lakini tazameni kazi yake. Ndani yake mna kafeini, nayo huuzuia ubongo usitambue uchovu. Uchovu wenyewe hauondoki, wafichwa tu. Saa 5 hivi zikipita, nusu yake ingali mwilini. Basi mwana anywaye kikombe saa 2 usiku ili asomee mtihani, hata saa 7 usiku nusu ile yamkesheza. Naye ahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi aliyoyasoma mchana hukaa imara.

Mwaka 2015 wataalamu wa chakula wa Ulaya walikadiria kwamba miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya mwili, kwa siku, hazimdhuru kijana. Mwenye kilo 45 apata 135: kikombe kimoja na kidogo, havifiki viwili.

Sisi twamruhusu kikombe kimoja chepesi, asubuhi, mbali na saa ya kula, kwa kuwa kahawa huzuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga yasiingie mwilini, na wasichana hasa wayahitaji. Wadogo zaidi wana uji wao. Naye akisinzia juu ya kitabu usiku, mwacheni alale, mkamwamshe alfajiri asome.