Afya ya Akili ya Mama: Jambo Ambalo Mizani ya Kliniki Haioneshi

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki, iwe katika vijiji vya Kasulu au vya Kibondo, hupimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu, na majibu huandikwa kwenye kadi yake. Hali ya moyo wake haionekani kwenye mizani. Ni yeye mwenyewe wa kuisema, na wengi hunyamaza wakihofia kuitwa wavivu, wenye kudeka au waliorogwa.

Ukimya huo una gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, takribani asilimia 16 ya wajawazito na asilimia 20 ya waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hiyo ni sawa na mama 1 kati ya 5 waliojifungua.

Si kila chozi ni ugonjwa. Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia na kunyong'onyea kutokana na uchovu na mabadiliko ya homoni, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Ikizidi hapo, au ikianza wakati wa ujauzito na kudumu, yafaa kumwona mtoa huduma. Dalili zake ni kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kupoteza hamu ya chakula, kujilaumu na kutomfurahia mtoto. Sonona isiyotibiwa humfanya mama akose kliniki, huvuruga unyonyeshaji na huweza kuchelewesha ukuaji wa mtoto.

Miongoni mwa njia zinazosaidia ni tiba ya utulivu wa akili, yaani kuielekeza akili kwenye jambo linalotendeka sasa bila kujihukumu. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha njia hiyo wagonjwa wenye maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Baadaye ilianza kutumiwa kwa wajawazito na waliojifungua. Haimtaki mama abadili dini yake wala aache sala zake.

Mama huketi akiegemea ukuta, huweka mkono tumboni na kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakija, ya deni, ya ada, au ya uzazi uliopita uliokuwa mgumu, hayafukuzi wala hayafuati. Hutambua kuwa ni mawazo, kisha huirudia pumzi. Dakika 5 zatosha kwa kuanzia. Anaweza pia kujizoeza akinyonyesha, au akichambua maharage, kwa kuzingatia kile mikono inachogusa. Ikiwa kukaa kimya kunamletea kumbukumbu za kutisha, aache na amweleze mtoa huduma.

Hata hivyo, tiba hii haimfundishi mama kuvumilia njaa wala kipigo. Anayefanyiwa ukatili afike kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia la polisi. Aidha, aliyeandikiwa dawa asiziache bila ushauri wa daktari.

Familia nayo ina wajibu. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mpango ulioanzishwa na Dkt. Dixon Chibanda umewafunza mabibi kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Mume, mama mkwe na jirani wa huku nao wanaweza kuanza kwa kumsikiliza mama bila kumkatiza, na kumpokea ndoo ya maji ili apate usingizi.

Mama akitaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, akisikia sauti wasizosikia wengine, au akizungumza yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

Wananchi wanakumbushwa kuwa mahudhurio baada ya kujifungua, hadi siku ya 42, ni ya mama pia, si ya mtoto peke yake. Katika mahudhurio hayo, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama aseme: "Sina furaha, na hali hii haiondoki." Kwa ushauri, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.