Kufufua tovuti ya zamani kwa msaidizi wa msimbo

Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew, cha Marekani, kilitoa hesabu ya kusikitisha: kati ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena ilipofika Oktoba 2023. Kurasa hufa kwa sababu nyingi, lakini tovuti ya mtu binafsi ina kifo chake cha kawaida. Seva inapandishwa toleo la lugha ya PHP, kiolezo cha miaka kumi iliyopita kinagoma, programu-jalizi iliyokuwa ikionyesha picha imetelekezwa na aliyeiunda, na siku moja badala ya makala unatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa hitilafu. Mwenye tovuti ni mwalimu, mshairi au mpiga picha. Fundi anataka fedha ambazo mtu huyo hana. Basi tovuti inabaki hivyo hivyo hadi ada ya jina lake inapoacha kulipwa.

Kwa Kiswahili hasara hii inauma zaidi. Katikati ya miaka ya 2000, enzi za wanablogu kina Ndesanjo Macha na Muhidin Michuzi, blogu zilibeba mijadala, picha za matukio, mashairi na habari za mitaani ambazo hazikupata nafasi magazetini. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukilinganisha na idadi ya wasemaji wake. Blogu moja ikizimika, pengo linaonekana.

Ndiyo maana naichukulia kwa uzito teknolojia ambayo wengi huizungumzia kana kwamba ni ya makampuni makubwa tu: msaidizi wa kuandika msimbo anayeendeshwa na akili mnemba. Kufufua tovuti ndogo ya zamani ni miongoni mwa kazi anazozimudu, mradi mwenye tovuti aelewe jinsi anavyofanya kazi na mahali anapokosea bila mtu kujua.

Ndani yake mna modeli kubwa ya lugha, yaani mtambo wa hesabu uliofunzwa kwa maandishi mengi mno, ikiwemo misimbo ambayo watu wameiweka hadharani. Kazi ya mtambo huo ni kukadiria. Ukipewa maneno yaliyotangulia, unapima ni kipande kipi cha maandishi kina uwezekano mkubwa wa kufuata, unakiweka, kisha unakadiria kinachofuata. Vipande hivyo huitwa tokeni. Muundo wa modeli hizi, uitwao transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli inatoa msimbo unaofanana na misimbo sahihi, na mara nyingi unaofanana huwa sahihi kweli, kwa kuwa msimbo una kanuni kali na wanaprogramu duniani kote hurudia kazi zile zile.

Mwanzoni makadirio hayo yalikuwa dhaifu. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI iliipima modeli yake iitwayo Codex, ambayo mwaka huo huo ilianza kuendesha msaidizi wa msimbo wa GitHub Copilot, kwa maswali madogo 164 ya kuprogramu. Kwa jaribio moja ilipata asilimia 28.8. GPT-3, iliyoitangulia, haikupata hata swali moja. Mwaka 2023 ulitokea mtihani mgumu zaidi, SWE-bench, wenye hitilafu 2,294 za kweli kutoka miradi 12 ya lugha ya Python, na modeli iliyoongoza wakati ule ilirekebisha chini ya asilimia 2. Kufikia 2025 modeli bora zilikuwa zikivuka asilimia 70 katika toleo la mtihani huo lililochujwa hadi kubaki maswali 500.

Modeli zenyewe ziliboreshwa, lakini pia zilipewa mikono. Msaidizi wa leo, kama Claude Code au Codex mpya, anaruhusiwa kufungua mafaili ya mradi wako, kuyasoma, kubadilisha mistari, kuendesha amri kwenye kompyuta na kusoma majibu ya amri hizo. Akikosea, kompyuta inamwambia: mstari wa 42 una mabano yasiyofungwa, faili fulani halipo. Ujumbe huo wa hitilafu unaongezwa kwenye maandishi anayoyasoma, na kadirio lake linalofuata linakuwa bora kuliko la kwanza. Mzunguko huo unaweza kujirudia mara nyingi bila mtu kugusa kibodi. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa zaidi la kulielewa katika teknolojia yote hii: msaidizi ana nguvu pale ambapo kuna kitu cha kumwambia kwamba amekosea. Pasipo na kitu hicho, anakadiria tu, na anakadiria kwa lugha ya mtu mwenye uhakika.

Chukua kazi ambayo wenye tovuti wengi wanaihitaji: kuhamisha makala kutoka WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003 unaotegemea hifadhidata na PHP, kwenda kwenye kurasa tuli. Kurasa tuli ni mafaili yaliyokwisha kuandaliwa. Seva inayatoa yalivyo, bila hifadhidata ya kudukuliwa wala programu-jalizi ya kuchakaa. Jekyll, iliyotengenezwa na Tom Preston-Werner mwaka 2008, na Hugo, iliyofuata mwaka 2013, ni zana zinazojulikana za kuziandaa. WordPress inakuruhusu kupakua makala zako zote katika faili moja la XML. Inayobaki ni kazi ya kuligeuza faili hilo kuwa mamia ya mafaili madogo, na ndiyo kazi iliyowashinda watu kwa miaka.

Hapa kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Unaweza kumpa msaidizi makala na kumwambia azihamishe moja moja. Akifanya hivyo, kila sentensi yako inapita kwenye makadirio yake, na anaweza kubadili neno la pwani ulilolichagua makusudi, kuunganisha aya mbili au kuruka maelezo ya picha. Njia ya pili ni kumwambia aandike programu ndogo itakayofanya uhamishaji. Programu hiyo inanakili herufi kama zilivyo, haina maoni juu ya uandishi wako, na unaweza kuiendesha tena na tena. Nasisitiza njia ya pili bila kusita. Modeli iandike mashine, na mashine ibebe maneno.

Hata hivyo kuna makosa ambayo hayatoi sauti. Kubwa ni anwani. Makala ya mwaka 2009 ilikuwa na anwani yake, na watu waliiweka kwenye barua, kwenye tasnifu, kwenye tovuti nyingine. Msaidizi, kama fundi cherehani aliyeambiwa apunguze suruali akabadilisha na vifungo, anaweza kuzifupisha anwani zote kwa sababu miradi mingi aliyofunzwa nayo ina anwani fupi. Tovuti mpya inafunguka vizuri, hakuna hitilafu yoyote, lakini kila kiungo cha zamani kimekatika. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alikwisha kuonya mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Dawa ni kuligeuza kosa la kimya liwe kosa lenye kelele. Kabla ya kuanza, tengeneza orodha ya anwani zote za zamani. Kisha mwagize msaidizi aandike kipimo kinachojaribu kila anwani kwenye tovuti mpya na kudai moja kati ya majibu mawili: 200, maana yake ukurasa upo, au 301, maana yake umehamia kwa kudumu mahali panapotajwa, na hapo napo paitikie 200. Jibu lingine lolote ni kufeli. Sasa ana kitu cha kumwambia amekosea, na atajirekebisha mwenyewe.

Kiswahili kinaleta makosa yake ya kimya. Violezo vingi huja vikiwa vimetangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, kwa alama ya en mwanzoni mwa faili, na msaidizi asipoambiwa huiacha. Alama sahihi ni sw. Programu za kuwasomea wasioona huitegemea alama hiyo kuchagua matamshi: NVDA, ambayo ni ya bure, huja na sauti ya eSpeak NG inayokimudu Kiswahili, lakini ukurasa ukidai ni wa Kiingereza, msikilizaji anaweza kusomewa maneno yaliyovurugika. Tarehe nazo hutoka kwa majina ya miezi ya Kiingereza, ingawa hazina ya Unicode iitwayo CLDR ina taratibu za Kiswahili za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mambo haya ni mistari michache ya msimbo. Yanahitaji tu mtu wa kuyadai.

Pia maelekezo ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika tokeni nyingi zaidi kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile, kwa kuwa ukataji umejengwa juu ya maandishi ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na vitenzi vyetu vimejaa viambishi. Huduma nyingi hutoza kwa tokeni. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiri nacho, ila uwe mfupi na utaje majina kamili ya mafaili.

Usalama unahitaji tahadhari zaidi. Faili la wp-config.php katika WordPress lina nywila ya hifadhidata. Liondoe kwenye folda kabla ya kumfungulia msaidizi mlango. Modeli hupokea maagizo yako na maandishi ya mafaili katika mkondo mmoja wa tokeni, na haina ukuta wa uhakika kati ya hayo mawili. Mtu aliyeacha maoni chini ya makala yako anaweza kuwa ameficha humo amri kwa msaidizi. Shambulio hilo lilipewa jina mwaka 2022 na Simon Willison, mmoja wa waundaji wa Django, mfumo wa kuundia tovuti, ambaye anaendesha blogu yake tangu 2002 na huzitumia sana zana hizi. Kanuni yake ni kwamba hapokei msimbo ambao hawezi kumweleza mtu mwingine unafanya nini.

Kuna hatari pia ya maktaba za programu zisizokuwepo. Utafiti mmoja uliopima modeli 16 kwa sampuli 576,000 za msimbo uligundua kwamba modeli za kibiashara zilipendekeza majina ya kubuni kwa wastani wa angalau asilimia 5.2, na zile za wazi asilimia 21.7. Mhalifu anaweza kulisajili jina kama hilo na kuweka virusi ndani yake. Kabla ya kukubali maktaba mpya, itafute mwenyewe na uone nani anaitunza.

Wala usitegemee hisia zako kuhusu kasi. Mwaka 2025 taasisi ya METR ilifuatilia wanaprogramu 16 wazoefu katika kazi 246 kwenye miradi waliyoijua vyema. Baada ya kumaliza waliamini akili mnemba iliwaongezea kasi kwa asilimia 20. Saa ilionyesha walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Mwenye tovuti asiyejua kuprogramu yuko katika hali tofauti, kwani pengine bila msaidizi kazi isingefanyika kabisa, lakini somo linamhusu: pima.

Na ili ujue msaidizi amebadilisha nini, tumia Git, zana aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005, inayohifadhi kila badiliko na kukuonyesha mstari uliotolewa na uliowekwa. Isome mistari hiyo, hata kama unaelewa nusu tu, na umuulize msaidizi kuhusu nusu iliyobaki.

Wewe uliyeandika miaka ile, na bado unaikumbuka nywila ya blogu yako: ingia leo, pakua makala zote na picha zote, hifadhi nakala mahali pawili, na uandike orodha ya anwani. Bila nakala hiyo, hakuna msaidizi atakayekuwa na cha kufufua.