Shilingi Ilivyoshushwa Kidogo Kidogo

Misafara ya Bagamoyo ilipofika hapa Tabora, ililipa kwa merikani na shanga, na thamani ilipatikana kwa kupatana. Shilingi ilikuwa tofauti: bei ya dola ilipangwa na serikali.

Miaka ya 1980 bei za ndani zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, lakini dola rasmi ilibaki rahisi. Mkulima wetu wa tumbaku akaumia, maana dola zilizolipwa na mnunuzi wa nje zilizaa shilingi chache. Walanguzi walistawi.

Juni 1986 dola ilipandishwa kwa mkupuo, kutoka shilingi 17 hadi 40. Kisha ikasogezwa hatua kwa hatua, ikifukuzana na mfumuko wa bei, hadi karibu 190 mwishoni mwa 1989. Hatua ndogo humpa mwagizaji wa dawa za zahanati nafasi ya kujipanga. Ila zikitabirika, wenye dola huzificha wakingoja bei ya kesho, na hilo tuliliona.

Mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa; 1993 bei rasmi na ya soko zikaunganishwa. Siku hizi Benki Kuu hununua au kuuza dola ili kupunguza mitikisiko.