Wosia Wako Una Umri Gani?

Wengi wetu tukishaandika wosia tunaufungia sandukuni na kuusahau. Lakini maisha hayangoji. Watoto huzaliwa, shamba huuzwa, na yule uliyemchagua asimamie mali anaweza kutangulia mbele ya haki. Wosia uliopitwa na wakati unaweza kuwaletea watoto ugomvi hata kabla ya matanga kwisha.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inakuruhusu kubadilisha wosia wakati wowote maadamu una akili timamu. Tena kuna jambo wengi hawalijui: ukioa au kuolewa baada ya kuuandika, wosia huo unafutika, isipokuwa uliuandika ukitazamia kufunga ndoa na mtu uliyemtaja. Kwa hivyo mjane anayeolewa tena lazima aandike mwingine.

Fanya hivi:
1. Usikate jina kwa kalamu tu. Weka sahihi au kidole mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi.
2. Mrithi asiwe shahidi. Anaweza kupoteza fungu lake.
3. Mabadiliko yakiwa mengi, andika wosia mpya wenye tarehe, useme umefuta wa kwanza. Wa zamani uchome.
4. Usitegemee maneno ya mdomo. Hata mbele ya mashahidi wawili, hayana nguvu ukiishi zaidi ya miezi mitatu.

Mama na baba wa Mabanga, kila mwaka mkishavuna mahindi, fungueni sanduku mkausome upya.