Farasi Wanahimilije Baridi ya Nyuzi 40 Chini ya Sifuri? Jibu Liko Tumboni

Chukua friza ya nyumbani, ile ya kugandishia samaki. Ndani yake joto huwa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa fikiria mahali ambapo usiku wa Januari unaweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na kundi zima la farasi liko nje. Hakuna banda wala hita. Hapo ni Mongolia, nchi yenye farasi wengi kuliko watu.

Bila shaka utauliza: kwa nini wasijengewe mabanda? Swali zuri, lakini limebeba dhana kwamba kinachomuua farasi ni baridi yenyewe. Kumbe mara nyingi ni njaa. Baridi humsumbua farasi aliyeshiba; aliyekosa chakula humuua. Ukilielewa hilo, karibu kila anachofanya mfugaji wa kule kinaeleweka.

Koti la majira

Mongolia iko mbali na ikweta, kwa hiyo mchana wa Desemba huwa takriban saa 9 au pungufu. Mwili wa farasi unasoma ufupi huo wa mchana na kuanza kuotesha manyoya marefu mapema, kabla baridi kali haijafika. Ikifika, misuli midogo kwenye ngozi huyasimamisha manyoya, kama malaika ya mkono wako yanavyosimama ukisikia baridi. Sisi hatufaidiki sana, maana malaika yetu ni haba. Kwa farasi, manyoya yaliyosimama hunasa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Ndiyo maana theluji inaweza kukaa mgongoni mwake bila kuyeyuka: joto la mwili halijafika huko juu.

Koti hilo lina maadui wawili: maji na upepo. Manyoya yakilowa hulala, na hewa hutoka. Kwa hiyo mvua ya nyuzi 2 yenye upepo inaweza kumtesa farasi kuliko usiku mkavu wa nyuzi 15 chini ya sifuri. Jasho nalo ni maji, hivyo farasi aliyetoka kukimbizwa asiachwe hivi hivi mpaka akauke. Na kambi ya majira ya baridi huwekwa penye mlima wa kukinga upepo.

Jiko la ndani

Joto lenyewe linatoka wapi? Farasi hacheui kama ng'ombe. Nyasi anazokula hufika kwenye utumbo mpana, ambao mwanzoni una mfuko unaoweza kubeba lita 30 hivi. Humo bakteria huchachusha nyuzinyuzi ambazo farasi mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Uchachushaji huo humpa nishati, na pia hutoa joto, saa baada ya saa.

Ndiyo sababu usiku wa baridi kali farasi huongezewa nyasi kavu kwanza, si nafaka. Nafaka ina nguvu nyingi, lakini sehemu kubwa humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba na haitoi joto kama nyasi. Tena ikizidi, huvuruga bakteria hao.

Hebu tupige hesabu. Farasi mzima aliyezoea baridi, mwenye shibe na manyoya makavu, anaweza kufika karibu nyuzi 15 chini ya sifuri bila mwili kuhitaji nishati ya ziada. Chini ya hapo, kila nyuzi moja huongeza mahitaji kwa asilimia 2 hadi 3. Farasi wa kilo 300 anayehitaji kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri atahitaji kama kilo 9. Kwa kundi la farasi 50, hizo ni kilo 150 za ziada kila siku, na baridi inadumu miezi.

Mfugaji hana akiba ya kiasi hicho. Nyasi kidogo alizokata huwapa walio dhaifu. Wengine hujitafutia wenyewe kwa kuparua theluji kwa kwato hadi wafikie nyasi. Kondoo hufuata nyuma na kula palipofunuliwa. Pengo linazibwa na mafuta ya mwilini, na hayo huwekwa kiangazi na vuli. Kwa maneno mengine, kazi ya Januari hufanywa Agosti.

Na maji je?

Farasi wa Mongolia wamezoea kula theluji kukata kiu, lakini si ya bure. Kuyeyusha kilo 20 za theluji na kuzipasha mpaka joto la mwili kunachukua takriban megajuli 10, yaani zaidi ya nishati anayoipata kwenye kilo moja ya nyasi kavu. Akinywa maji kidogo huku akila nyasi kavu, utumbo unaweza kuziba, na hilo huua. Kwa hiyo kuvunja barafu kisimani au mtoni ni sehemu ya kulisha.

Mpango unapovunjika

Wamongolia wana neno *dzud*: majira ya baridi yanayoua mifugo kwa wingi. Dzud nyeupe ni theluji nene kupita kiasi. Dzud nyeusi ni kukosa theluji kabisa, na maji hakuna. Dzud ya chuma ndiyo ya kutisha: theluji huyeyuka kidogo, kisha huganda tena kuwa barafu ngumu ambayo hata kwato hazipenyi. Nyasi ziko pale chini, lakini hazifikiki. Mwaka 2009–2010 zaidi ya mifugo milioni 8 ilikufa, karibu moja ya tano ya mifugo yote nchini. Mwaka 2023–2024 ilikufa zaidi ya milioni 7. Hali huwa mbaya zaidi pale kiangazi kilichotangulia kilipokuwa cha ukame, kwa sababu mnyama anaingia kwenye baridi akiwa hana mafuta.

Hapa lile koti zuri linageuka mtego. Manyoya mazito humfanya farasi aliyekonda aonekane mnene. Ukimtazama kwa mbali unaweza kusema yuko sawa, kumbe mafuta yamekwisha. Dawa yake ni mkono: upeleke ubavuni, bonyeza manyoya, tafuta mbavu. Ukizihisi kwa kubonyeza kidogo, zikiwa na nyama juu yake, ni salama. Zikiwa kali kama meno ya kitana, umechelewa, na masika bado. Wengi hufa mwishoni mwa baridi, pale majike yanapokaribia kuzaa na nyasi mpya bado hazijachipua.

Basi ukiona picha ya farasi amesimama kwenye theluji, usikimbilie kumwonea huruma kwa kukosa blanketi. Jiulize kwanza: amekula nini?