Filimbi ya Mpingo: Huagizwa Mara Moja, Hulelewa Kila Siku



Mwaka uliopita nyumba yetu iliagiza filimbi ya mpingo kwa ajili ya kijana wetu wa miaka 14. Aliyeikereza ni fundi wa hapa pwani afanyaye kazi peke yake uani kwake. Hana duka, hana karani, wala hana tangazo. Miezi miwili baada ya kuipokea, filimbi ilitoka ufa, kutoka tundu la kupulizia hadi kwenye kiungo. Siku ile tulikuwa tayari kuwaambia jamaa wote kwamba fundi yule ametuuzia mti mbovu. Lau tungalifanya hivyo tungalimdhulumu, kwani kosa lilikuwa letu. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyopaswa kuyajua kabla.

Tutangulize neno moja. Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu ala za kupuliza, na kila nyumba ina rai yake na mwalimu wake wa kumuuliza. Makala haya hayakusudii kuamua khitilafu hiyo. Yanazungumza na nyumba ambazo zimekwisha kuamua, na mengi yaliyomo yatamfaa pia anayeagiza kasha, kitanda au marufaa ya kuwekea msahafu.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Mpingo hukua polepole mno: huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kukatwa. Ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Kwa ugumu wake na usafi wa sauti yake, mafundi wa Ulaya huuagiza kutoka Tanzania na Msumbiji kwa kutengenezea klarineti, obo na filimbi. Tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa CITES, ingawa ala za muziki zilizokwisha kukamilika zilisamehewa masharti hayo mwishoni mwa mwaka 2019. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC kwa kuutunza msitu wao. Basi si utovu wa adabu kumuuliza fundi mti wake umetoka wapi. Fundi mwema hufurahi kuulizwa.

Mti ukishakatwa hauwi filimbi kesho yake. Fundi huupasua vipande, akavitoboa katikati kwa keekee, kisha akaviacha kivulini vikauke na kutulia, kwa kuwa mti uliokerezwa ukiwa mbichi hujikunja na kupasuka baadaye. Mteja anayempigia simu kila juma akiuliza “bado?” humsukuma fundi kwenye kosa ambalo yeye mwenyewe ndiye atakayelilipia.

Pili, agizo liwe wazi. Filimbi huzaliwa na sauti yake. Haikazwi wala kulegezwa kama nyuzi za gambusi. Ikiwa kijana atapuliza pamoja na wenzake, fundi lazima aambiwe mapema wenzake hao hutumia sauti ipi. Lazima ajue pia ukubwa wa mkono, kwa maana matundu yaliyopangwa kwa vidole vya mtu mzima humshinda mtoto. Fundi wetu alitutaka tuuweke mkono wa kijana juu ya karatasi na kuuchora. Aulize pia kama mpulizaji hutumia mkono wa kushoto, na kama filimbi itakuwa kipande kimoja au vipande viwili vya kuunganishwa.

Kisha yabaki ya mkataba: bei, malipo ya awali, siku ya kukabidhiwa, na nani atagharimia ukarabati ikitokea kasoro. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika fiq’hi, kuagiza kitu kitengenezwe huitwa istisnaa. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii twafundishwa kuliweka jambo hili katika hukumu ya salam, ambapo bei yote hulipwa pale pale mnapopatana. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiq’hi, lilipokutana Jeddah, liliafiki istisnaa kuwa mkataba wenye kuwafunga pande zote mbili, na likaruhusu bei ilipwe kwa mafungu, mradi sifa za kitu na muda vimebainishwa. Mwenye shaka amwendee mwalimu wake. Lakini kwa kauli zote mbili, maneno ya juu juu hayatoshi. Sisi tuliandika bei tu, na hapo ndipo tulipoanza kupotea, kwa sababu maagizo ya utunzaji tuliambiwa kwa mdomo, tukayasahau kabla ya kufika nyumbani.

Tatu, malezi. Pumzi ya mtu ina mvuke. Filimbi mpya ikipulizwa, mti hulowa kwa ndani na kutanuka, ilhali nje ungali mkavu na umekaza. Pande hizo mbili zikivutana sana, mti hupasuka. Kwa hiyo filimbi mpya huzoeshwa: dakika 10 hadi 15 kwa siku katika majuma mawili ya mwanzo, kisha muda uongezwe kidogo kidogo. Kijana wetu alipuliza saa nzima siku ya kwanza, nasi tukamsifu. Halafu, katika joto la kaskazi, tukasafiri naye kwenda Nairobi, ambako hewa ni kavu kuliko ya Mombasa, na filimbi tukaiacha mchana kutwa ndani ya gari lililofungwa vioo juani.

Tulipompelekea fundi filimbi yake aliigeuza mkononi, akauliza swali moja tu: “Mama, hii ilikuwa imewekwa wapi?” Tulimweleza kweli yote. Hakutulaumu. Aliuziba ufa kwa gundi na vumbi la mpingo ule ule, akapiga msasa, akaisugua mpaka ufa ukawa haufahamiki ila kwa mwenye kuujua. Tulimlipa ujira wake kamili, kisha tukamwomba ayarudie yale maagizo, safari hii kalamu ikiwa mkononi.

Baada ya kupuliza, vipande vitenganishwe, na ndani pafutwe kwa kitambaa laini cha pamba kilichofungwa kwenye kijiti. Viachwe vipate hewa kivulini kabla ya kutiwa kisandukuni. Filimbi isilazwe juani, wala mbele ya mashine ya kupooza hewa, wala ndani ya gari. Mara kwa mara, zaidi ikiwa ingali mpya, ipakwe ndani mafuta kidogo ya lozi wakati mti ni mkavu, ilale nayo usiku mmoja, na asubuhi yafutwe yaliyobaki. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwani huganda na kunata. Kiungo kilichozungushiwa uzi kipakwe nta ya nyuki. Kikikaza, upunguzwe uzi, kisilazimishwe, kwani uzi mnene pia hupasua mti.

Siku hizi kijana wetu ana daftari dogo ndani ya kile kisanduku, ambamo huandika tarehe kila anapoipaka mafuta. Nasi tumewaendea wale jamaa wawili ambao tulikuwa tumekwisha kuwanong’oneza kuhusu “mti mbovu”, tukawaeleza yaliyokuwa. Mmoja wao ameagiza filimbi yake kwa fundi yule yule.

Wabillahi tawfiq.